Sentensi Tatu za Kweli

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na Mwalimu. Kasema kila mwanafunzi aandike kila siku, kwa lugha anayotaka, hata mstari mmoja, ili mkono uzoee kalamu. Yeye hatasoma, atahesabu kurasa tu. Nikamwambia mkono wangu umeshika mkasi wa bati miaka arobaini na sita, kalamu haiwezi kuushinda. Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Niandike nilivyoingia darasani, watu wasije wakadhani nilikwenda kuomba. Wiki iliyopita niliitwa shuleni kutazama mfereji unaokinga maji ya paa la chumba cha mwisho. Mfereji ule niliufunga mimi kabla huyo Mwalimu hajazaliwa, na haukuwa umeharibika, ni majani tu yaliziba. Mvua ikanikuta juu ya ngazi. Nikashuka, nikajibanza dirishani. Ndani kulikuwa na watu wazima wanane wanafundishwa Kiingereza, saa tisa alasiri. Mwalimu akasema, "Babu, ingia ndani, utaloa." Nikaingia. Akauliza swali, nikajibu, nikapata. Basi nimebaki. Tena nikiwa mle ndani nausikia mfereji wangu ukifanya kazi.

Niliishia darasa la tatu. Lakini kwa kupima kwa jicho hakuna wa kunigusa, na herufi ni vipimo tu.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimelehemu ndoo mbili. Hakuja mtu.

Jumatano, 6 Machi

Mwalimu ana mtindo wake. Leo amepitisha kopo la maziwa lenye vikaratasi, kila mtu achote kimoja. Ndani ya kikaratasi kuna kitenzi cha Kiingereza cha maneno mawili, na hicho ndicho chako mpaka muhula uishe. Kila somo, yaani kila Jumatatu na Jumatano, unaleta sentensi tatu zenye kitenzi hicho.

"Sharti ni moja," akasema. "Ziwe za kweli. Ziwe zimekutokea wewe mwenyewe. Ukikisema kitenzi juu ya maisha yako, hukisahau tena."

Dereva wa lori akachota "break down", yaani gari kuharibika njiani. Darasa zima likacheka kwa sababu lori lake liko gereji tangu mwezi uliopita. Mshonaji, mama anayekaa dawati moja na mimi, akapata "run out", kuishiwa. Akasema, "Mwalimu, mbona umeniandikia maisha yangu?"

Mimi nimepata "drop in". Nikadhani ni mambo ya matone, nikafurahi, maana matone ndiyo kazi yangu. Kumbe sivyo. Mwalimu ameeleza kuwa ni kumpitia mtu nyumbani kwake bila taarifa wala mwaliko, si kwa kukaa sana, unamjulia hali unaondoka. Ukimtaja mtu unaongeza "on". Ukitaja mahali, unaweka "at".

Nikauliza, "Na mtu akituma ujumbe kwamba anakuja Jumapili?"

"Hapo si drop in, babu. Huyo anangojewa. Wa drop in hangojewi."

Nikamwuliza Dereva kama tunaweza kubadilishana. Mwalimu akakataa.

Alhamisi, 7 Machi

Hakuja mtu.

Jumapili, 10 Machi

Kesho natakiwa sentensi tatu. Nimekaa kibarazani tangu asubuhi na kiti cha pili nimekiweka. Amepita muuza maji, nikamwambia simama kidogo, akasema mzee nina haraka. Nikafikiri kama kusimama njiani kunahesabika. Hakuhesabiki.

Niandike na hili, kwa kuwa hasomi mtu. Nina mwana mmoja. Mama yake alipofariki nilimlea mwenyewe kati ya mabati. Nikamfundisha kukunja ukingo, kubana bati kwa ribiti, kulehemu kiungo kisivuje hata tone. Alikuwa na mkono mzuri, karibu kama wangu. Miaka miwili iliyopita akaajiriwa na kampuni ya mifereji ya plastiki. Akaja karakana, wateja wakiwepo, akaniambia, "Baba, bati linaliwa na kutu. Watu hawalitaki tena." Nikamjibu asikanyage kwangu mpaka aachane na hiyo plastiki. Hajaiacha, na hajakanyaga.

Anakaa ng'ambo ya pili ya mji, mwendo wa saa moja kwa miguu yangu. Ana mke, na mwaka jana wamepata mtoto wa kike. Nilitumiwa picha. Mlango anaujua.

Jumatatu, 11 Machi

Nimesoma mbele ya darasa: My son dropped in on Sunday, yaani mwanangu alinipitia Jumapili. Nikasema alikuja na sukari, nikasema hakukaa sana. Zimetimia tatu. Mwalimu akazisahihisha kidogo akaandika "vizuri sana".

Mshonaji akanigeukia. "Una bahati, babu. Mimi wangu hata kupiga simu ni mpaka apungukiwe."

Nikamwambia wanangu nimewalea kwa mkono wa chuma. Nilisema "wanangu", kama ninao kumi.

Jumatano, 13 Machi

Sentensi tatu nyingine. Mwanangu alinipitia tena, safari hii na mtoto. Mtoto alinikimbilia. Dereva akauliza ana umri gani hata aweze kukimbia. Nikakokotoa haraka kichwani nikaona mwaka mmoja na mwezi. Nikasema kwetu tunawahi.

Jumapili, 17 Machi

Mvua kutwa. Mfereji wa Kinyozi, jirani yangu, unapiga kelele kama mtu anakojoa kwenye karai. Ni wa plastiki. Ulifungwa na mwanangu mwenyewe, mwezi ule ule tuliogombana, na mimi nikiwa ndani nimefunga dirisha. Tangu hapo Kinyozi sisemi naye. Nilimwambia asiniambie neno lolote tena, hata nyumba yangu ikiungua.

Hakuja mtu.

Jumatano, 20 Machi

Leo Mwalimu ameleta ndugu wa kitenzi changu. "Drop by" ni pacha wake, kupita tu. "Drop off" ni kumshusha mtu au mzigo mahali ukaendelea na safari, na pia ni kupitiwa na usingizi. "Drop out" ni kuacha shule. Akasema kila mtu aangalie asije akaitolea hiyo ya mwisho sentensi ya kweli. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimepitiwa na usingizi.

Sentensi zangu tatu: mwanangu, mwanangu, mwanangu. Sasa darasa zima linamjua. Dereva anauliza, "Kijana hajambo? Jumapili hii alileta nini?" Kwa maneno yangu ameshaleta sukari, mkate, betri za redio na blanketi. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilijikuta najiuliza blanketi lile nimeliweka wapi.

Ijumaa, 22 Machi

Nimefunga mfereji wa bekari. Mwenye bekari alitaka plastiki, nikamzungusha kwa maneno mpaka akakubali bati. Futi thelathini bila kuvuja. Hakuna mwingine katika mji huu anayeweza.

Mkono wa kulia ulitetemeka kidogo wakati wa kulehemu. Ni baridi.

Jumatano, 27 Machi

Leo sijui nianzie wapi.

Mshonaji alikuja na furushi la kitambaa cha bluu. Alipokaa akaninong'oneza, lakini Mshonaji akinong'ona hata walio barabarani wanasikia. "Babu, mkaza mwanao amekuja kwangu jana kushona gauni la safari. Nilivyosikia mumewe ni fundi mifereji, na baba mkwe naye ni fundi mifereji, nikajua tu. Mtoto mzuri, mashallah, kachukua paji lako la uso. Sasa wakishahama utabaki na nani?"

Nikasema, "Wanahama, ndiyo."

"Tarehe ishirini na saba mwezi ujao, si ndiyo? Kasema kampuni inamfungulia tawi huko mbali, siku mbili kwa lori. Kasema hata hajui watarudi lini kutembea."

"Ndiyo," nikasema. "Kaniambia Jumapili."

Dereva akaingilia kutoka nyuma. "Pole mzee. Mtu anayekupitia kila wiki akiondoka, nyumba inakuwa kubwa."

Mwalimu akaniita nisome sentensi zangu. Nilikuwa nimeandika kwamba mwanangu alinipitia Jumapili tukacheka sana. Nikasoma. Sauti ilitoka sawasawa. Mimi nikiamua kusimama nasimama.

Nikarudi nyumbani kwenye mvua bila kukimbia.

Alhamisi, 28 Machi

Mwezi mmoja. Ana muda wa kutosha kuja kuaga. Mtoto ndiye anayemwendea baba, sijapata kusikia kinyume chake.

Jumapili, 31 Machi

Nimepanga viti viwili. Nimenyoa. Hakuja mtu.

Jumatatu, 1 Aprili

Sentensi tatu. Sizikumbuki.

Jumapili, 7 Aprili

Nimenunua biskuti za mtoto. Nimeziweka juu ya kabati panya wasifike. Hakuja mtu.

Jumanne, 9 Aprili

Biskuti nimekula nne.

Jumatano, 10 Aprili

Nikiwa darasani ikaja mvua ambayo kwa miaka yangu yote nimeiona labda mara tatu. Mwalimu alipiga kelele na bado hatukumsikia. Nikasikiliza mfereji wa shule, ulikuwa unameza maji yote kama kawaida. Nikawaambia mnasikia hiyo, hiyo ni kazi yangu. Mvua ilipopungua nikaenda nyumbani nikiwa na kiburi changu kamili.

Nilipokata kona nikaona watu wamesimama mbele ya nyumba yangu. Mfereji wangu wa mbele, niliouweka upya mwaka jana tu, ulikuwa umeachia kwenye kiungo. Ukingo mmoja umening'inia, maji yote ya paa yanaingia dirishani kwangu. Na chini yake Kinyozi, ameloa mpaka kwenye mifupa, ameushikilia kwa mti wa kuanikia nguo usije ukaanguka wote.

Wake wa plastiki ulikuwa juu, haujatikisika.

Nilileta ngazi. Nikapanda, akanishikia ngazi. Nilitazama kile kiungo. Lehemu haikuwa imeshika. Ilikaa juu juu kama mate. Niandike kweli: haikuwa baridi. Mkono umechoka. Nikakifunga kwa waya, nikashuka.

Tukasimama kwenye ukumbi wake mdogo wa kunyolea, maji yanatuchuruzika. Akanipa taulo la wateja. Nikasema, "Ahsante, jirani." Miaka miwili sijamwita hivyo.

Akakaa kwenye kiti cha wateja, mimi nikakaa kwenye benchi. Akasema, "Sasa tunaongea?"

"Tunaongea."

"Maana uliniambia nisikuambie neno, hata nyumba ikiungua."

"Nilisema hivyo."

"Basi mimi ni mtu wa kushika maneno. Lakini limenikaa kooni mwezi mzima. Mwanao amekuja hapa mara tatu."

Nikamwuliza lini.

"Jumatano. Siku ambayo hafanyi kazi mchana. Mara ya kwanza alikuja na mkewe na mtoto. Wakakuta kufuli. Wakakaa kibarazani kwako karibu saa nzima. Mara ya pili peke yake. Mara ya tatu wiki iliyopita. Akaniuliza, baba anakwenda wapi siku hizi? Nikamwambia anapokwenda baba yako mimi sijui, hatusemi. Nikamwambia akuandikie. Akasema, baba angetaka kuniona angeniona, labda ananiona kwa mbali anageuka."

"Hakusema kitu kingine?"

"Hakusema. Alitazama mfereji wako. Akasema kiungo kile kitaachia."

Nilikaa kwenye benchi lile mpaka taulo likapoa. Jumatano tatu nilikuwa shuleni nasoma kwa sauti kwamba mwanangu alinipitia, naye kwa saa hizo hizo amekaa kibarazani kwangu anatazama kufuli. Nilikuwa nasema uongo uliokuwa kweli, na kweli yenyewe sikuwa nayo.

Kinyozi akaniambia, "Usinitazame hivyo. Ungenisalimu siku moja tu, ningekwambia."

Hana kosa. Nimetafuta kosa lake mpaka nimechoka, sijaliona.

Jumatano, 17 Aprili

Sikwenda darasani. Nimefungua milango yote miwili. Nimekaa kibarazani saa saba, saa nane, saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja. Chai ilipoa mara mbili. Kinyozi alitoka akanitazama, akarudi ndani, akatoka tena na redio yake akaiweka katikati yetu.

Hakuja. Mara tatu zimemtosha. Mimi ningekuwa yeye nisingekuja hata ya pili.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda darasani. Mwalimu akasema, "Babu, tulidhani ume-drop out." Wakacheka, nikakaa.

Ikafika zamu yangu. Nikasimama bila karatasi. Nikawaambia kwa lugha yetu, maana kwa Kiingereza ingenichukua mpaka kesho: mwanangu hajaniletea sukari. Wala mkate, wala betri, wala blanketi. Sijamwona miaka miwili, na mjukuu sijamtia machoni ila kwenye picha. Sentensi zote nilizoleta tangu Machi ni za uongo.

Dereva akasema polepole, "Hata lile blanketi?"

"Hata blanketi."

Nilitegemea Mwalimu atanifuta kwenye orodha. Alivua miwani akaipangusa, akasema, "Basi nakudai sentensi nyingi." Kisha akampa Mshonaji zamu.

Mshonaji hakusimama. Alinigeukia pale pale dawatini, na safari hii alinong'ona kweli. "Babu, wote hawa umewaleta wewe kwenye sentensi zako. Mwana kaja, mjukuu kaja. Wewe mwenyewe ulikwenda kwao lini?"

Nikamwambia mimi ni baba.

"Ndiyo. Nimeuliza lini."

Jumanne, 23 Aprili

Sikwenda.

Jumatano, 24 Aprili

Darasani nilikaa nikatoka mapema. Nilifika hadi darajani, njia ya kwa mwanangu. Nikarudi. Nilijiambia ni kwa sababu ya viatu.

Alhamisi, 25 Aprili

Manyunyu. Kinyozi amenichonga ndevu. Hakuuliza nakwenda wapi. Sikwenda popote.

Ijumaa, 26 Aprili

Nilitoka saa nne asubuhi, mvua ikinyesha. Sikumwambia mtu, hata mwenyewe sikujiambia. Nilisema nakwenda kununua ribiti. Duka la ribiti nikalipita.

Nyumba niliuliza kwa jina la kampuni yake. Mtu mmoja akanielekeza kwa kidole, akasema ile yenye maboksi nje. Nikabisha hodi. Akafungua mkaza mwanangu, mwenye kitambaa kichwani na gundi ya karatasi mkononi. Alinitazama kama anayeona mtu aliyetoka kwenye picha.

"Baba," akasema. "Shikamoo. Karibu. Pita, pita, usitazame, pamevurugika."

Pamevurugika kweli. Vitanda vimefunguliwa, sufuria zimefungwa kwa kamba. Nikakaa juu ya boksi. Mtoto alikuwa sakafuni anacheza na kifuniko cha chupa. Ana paji langu la uso, Mshonaji hakudanganya. Nikanyoosha mikono. Mimi watoto wote wa mtaani hunijia, hilo kila mtu anajua. Huyu akanitazama, midomo ikakunjika, akaangua kilio mpaka akapoteza pumzi. Mama yake akambeba. Kila alipogeuza shingo akaniona, akaanza upya.

"Hajakuzoea tu, baba."

Nikasema najua. Atanizoea lini, na kesho wanaondoka, hilo sikulisema.

Mwanangu aliingia saa sita, na rundo la kamba begani. Amenenepa. Ana mvi moja pembeni, mtoto wangu. Alisimama mlangoni, kamba zikamshuka begani moja moja.

"Baba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimepita tu."

Akamtazama mkewe, mkewe akatazama mtoto. Nadhani katika maisha yake yote hajapata kunisikia nikisema neno hilo. Mimi niliitwa, nilifuatwa, nilingojewa. Kupita sikupata kupita.

Akasema, "Nilikuja kwako."

"Mara tatu. Kinyozi kaniambia. Nilikuwa shule."

"Shule?"

"Najifunza Kiingereza."

Hapo akakaa chini, kwenye sakafu, akacheka mpaka akafuta macho. Sijui yalikuwa ya kucheka yote. Nikamwacha. Alipomaliza nikamwambia, "Kiungo kimeachia. Kama ulivyosema."

"Nilitaka kukifunga siku ile. Nikaogopa utagomba."

"Ningegomba," nikasema.

Sikuomba radhi kwa maneno, sijui yanavyopangwa. Nilichukua kamba nikaanza kufunga boksi, naye akashika upande wa pili. Tulifunga maboksi kumi na moja. Mafundo yake bado ni yale niliyomfundisha.

Nilitaka kuondoka mvua ilipokatika. Akasema, "Baba, lori linakuja kesho saa moja asubuhi." Nikasema nitaangalia.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilikuwa pale saa kumi na mbili na nusu.

Lori lilikuwa la kampuni, na anayeliendesha ana haraka. Mwanangu na dereva huyo walikuwa wanapakia vitanda, mkaza mwanangu anabeba vyombo, mtoto amelala mgongoni kwake. Akasema, "Baba, naomba unishikie huyu, ananikwamisha." Akanipa hivyo hivyo, akiwa usingizini.

Nikasimama naye chini ya ukingo wa paa. Mzito kuliko anavyoonekana. Anapumua kwa mdomo. Sikumgeuza, sikumwekea kitu, sikumsemesha, maana najua angefumbua macho angelia. Mkono wa kulia, ule uliochoka, ndio uliokuwa chini ya kichwa chake, na ukaanza kufa ganzi wakiwa wanapakia kabati. Mwanangu akapita akasema, "Baba, nikupokee?" Nikamwambia apakie. Wakapakia meza, wakapakia maboksi yote kumi na moja, wakafunga turubai. Ganzi ikapanda hadi begani. Sikusema. Ningesema wangemchukua.

Walipomaliza mama yake akapanda mbele akanyoosha mikono, na ilibidi mwanangu auinue mkono wangu kwa mkono wake, kwa kuwa wenyewe haukuwa unanyanyuka tena.